Mwanaume naye huugua ugonjwa wa kula

Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humfichua. Mimi nilificha yangu kwa miaka tisa, na kilichonifichua ni sufuria ya maharage.

Usiku huo mke wangu aliingia jikoni na taa, akanikuta nimechuchumaa sakafuni, sufuria mapajani, nikila maharage baridi aliyowawekea watoto kwa ajili ya asubuhi.

"Baba watoto, chakula cha jioni hakikukutosha?" akauliza.

Kilinitosha. Hata njaa sikuwa nayo. Nilikula kwa sababu sikuweza kuacha, hadi tumbo likauma.

Ndugu msomaji, huo ulikuwa ugonjwa. Usiku nilikula kwa siri kupita kiasi, kisha kwa aibu nikajinyima siku mbili, nikinywa chai kavu tu. Pale shuleni ninapofundisha, walimu wenzangu walidhani nimefunga kwa ibada. Wengine walinisifu! Na kwa kuwa wazee wetu hapa Burundi waliona haya mtu mzima kuonekana akila hadharani, hakuna aliyeshangaa kutoniona nikila.

Niliikimbia nchi mwaka 1993 nikiwa na miaka 12, nikasomea kambini mkoani Kigoma, Tanzania. Huko tulikula kwa mgao: unga wa mahindi, maharage, mafuta kidogo na chumvi. Unga ukiisha kabla ya siku ya mgao, tulilala hivyo hivyo. Nilijifunza kula upesi, kabla sahani haijaisha. Sisemi kila aliyekula mgao ataugua. Ndugu zangu watatu walikula sufuria hiyo hiyo na ni wazima. Lakini njaa huacha alama.

Jambo hilo lilionekana Marekani mwaka 1944 na 1945. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu Ancel Keys alichukua wanaume 36 wenye afya njema, waliojitolea wenyewe, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi sita. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Mawazo yao yote yakawa chakula: walisoma vitabu vya mapishi na kulamba sahani. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula sana na bado wakajiona hawajashiba.

Kwa nini basi tunadhani haya ni maradhi ya wasichana wa Ulaya? Tangu mwaka 1689 daktari Mwingereza Richard Morton aliandika habari za wagonjwa wawili waliokataa kula, na mmoja alikuwa kijana wa kiume wa miaka 16. Hata hivyo, hadi mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulitaja kukosa hedhi kuwa moja ya dalili za anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula. Mwanaume angeipata wapi hedhi ya kuikosa?

Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba kati ya wanaume 1,000, watatu hupata anoreksia maishani. Kwa wanawake ni tisa. Kula kupindukia huwapata wanaume 20 na wanawake 35. Tofauti ipo, lakini wanaume si wachache. John Prescott, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu wa Uingereza kutoka mwaka 1997 hadi 2007, alitangaza mwaka 2008 kwamba aliugua bulimia, ugonjwa wa kula sana kisha kujitapisha. Alikuwa na miaka 69, tena mnene, na wapo waliomcheka.

Nami nilichekwa. Kwenye kituo cha afya nilikokwenda kwanza niliambiwa, "Mwalimu, wenzako wanakitafuta kitambi, wewe unakilalamikia?" Kwetu kitambi ni dalili ya neema, na mwanaume akikonda hunong'onwa kuwa ana SIDA. Anayeugua ugonjwa huu, awe mnene au mwembamba, haulizwi anakulaje.

Nilikawia kutafuta tena, kwani kwetu mtu akitajiwa hospitali ya Kamenge mjini Bujumbura husema huko ni kwa vichaa. Mwishowe muuguzi wa magonjwa ya akili alinisikiliza. Dawa yake ilinishangaza: nile mara tatu kwa siku, kwa saa maalumu, hata kesho yake baada ya usiku mbaya. Niandike nilichokula na nilichokuwa nawaza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ya kujinyima ndiyo iliyozaa usiku wa kula.

Enyi akina mama, na ninyi walimu wenzangu, mkiona mwanaume anakwepa kula na wenzake, chakula kinapotea usiku, au anakimbilia msalani kila amalizapo kula, msimcheke. Kujitapisha huvuruga madini mwilini, na moyo unaweza kusimama. Mwulizeni taratibu, faraghani.

Mke wangu hakuuliza mara ya pili usiku ule. Alikaa sakafuni kando yangu, akaichukua sufuria, akaifunika. Asubuhi alinipakulia uji pamoja na watoto. Bado kuna usiku mbaya, lakini siku hizi nikishindwa kulala, namwamsha.