Kura ya Montenegro na kitendawili cha Kosovo

Mei 21, 2006, wananchi wa Montenegro walipiga kura kuamua iwapo jamhuri yao ijitenge na Serbia. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeweka sharti zito: ushindi wa nusu ya kura na ziada hautoshi, lazima ifikiwe asilimia 55. Waliotaka uhuru walipata asilimia 55.5. Kura zipatazo 2,000 tu ndizo zilizowavusha.

Haki ya kujitoa ilikuwemo katika katiba ya muungano ya mwaka 2003. Lakini katiba hiyo hiyo ilitamka kuwa, Montenegro ikiondoka, Azimio 1244 la Umoja wa Mataifa, lililoitambua Kosovo kuwa sehemu ya Yugoslavia, litaihusu Serbia. Hivyo mlango uliofunguliwa Podgorica ulizidi kukazwa Pristina, angalau kwenye karatasi.

Kosovo, iliyokuwa chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa tangu 1999, haikusubiri kura ya namna hiyo. Bunge lake lilitangaza uhuru Februari 17, 2008. Oktoba mwaka huo Montenegro iliitambua, na Serbia ikamfukuza balozi wa mshirika wake wa jana.