Simu Imezima na Haijaanguka? Jua Hii Kabla Ulipe Fundi Mara ya Pili

Msee, simu yako haijaanguka wiki hii, haijaingia maji, chaji iko, lakini imeanza madrama. Netiweki inapotea, inajizima, halafu ukiifinya kwa kona fulani inarudi. Unaipeleka kwa fundi hapo karibu na soko la Karatina, anaipiga blowa, inawaka, unatoa doo. Wiki tatu baadaye, giza tena. Kabla useme umechezwa, kuna story ya lehemu.

Chipu za simu hukaa juu ya vidoti vidogo sana vya lehemu, na hapo ndipo stima hupitia. Kitambo lehemu ilikuwa bati na risasi, 63 kwa 37, na ilikuwa inayeyuka kwa nyuzi 183. Risasi ni laini, so bodi ikijikunja kidogo, lehemu inakubali. Kisha Julai 1, 2006, sheria ya Ulaya inayoitwa RoHS ikaanza kazi na kukataza risasi kwa vifaa vingi vya umeme. Makampuni yakahamia bati yenye fedha na shaba kidogo, inayoyeyuka karibu nyuzi 217.

Sababu ilikuwa legit. Risasi ni sumu, waulize watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, walioishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka wa 2020 korti iliamua walipwe Sh1.3 bilioni.

Lakini lehemu mpya ni ngumu, na kitu kigumu kikigongwa hupasuka. Simu ikiruka kutoka kwa boda njia ya Tumutumu, kioo kinaweza kubaki sawa na kidoti kiwe na ufa usioonekana kwa macho. Ongeza hali ya hewa yetu: asubuhi ya Julai unatetemeka, mchana uko kwa game hadi simu inachoma mkono. Chipu na bodi hazitanuki sawasawa, so kila siku zinavuta vile vidoti huku na kule. Ufa unakua mdogo mdogo.

Halafu kuna hii, inatisha: bati tupu huota vinywele vya chuma, na kinywele kimoja kinaweza kuunganisha stima pahali haifai. Mainjinia walijua tangu miaka ya 1950 kwamba kuongeza risasi kunatuliza hiyo tabia. Mei 1998 setilaiti ya Galaxy IV ilipotea, pager nyingi sana Marekani zikanyamaza, na lawama ikaangukia vinywele vya bati.

Sasa cheki. RoHS ilipoanza, seva na mitambo ya mitandao ya simu ziliruhusiwa kuendelea kutumia lehemu ya risasi, kwa sababu mitambo hiyo inatakiwa kufanya kazi miaka mingi bila kuzima, na hakuna aliyekuwa na uhakika na lehemu mpya. Simu yako haikupewa huo msamaha.

Si ati lehemu mpya ni takataka. Ikichomwa poa kiwandani, inaweza kudumu kuliko utakavyokaa na hiyo simu. Noma huanzia kwa ukarabati. Blowa ya haraka inaweza kufanya ufa ugusane tu, bila kuyeyusha kidoti vizuri. Kazi ya ukweli ni kung'oa chipu, kusafisha lehemu yote ya zamani, kupanga vidoti vipya, kisha kuirudisha. Mafundi huita kurebo. Ni bei, so uliza mapema: unapasha moto ama unarebo? Akiweka lehemu ya risasi juu ya ile ya kiwanda bila kusafisha, mchanganyiko haushiki sawasawa.

Na wewe fundi, risasi huingia mwilini sana kupitia mikono, moshi wa flaksi nao unaharibu kifua. Nawa kabla ya chapo, na ufungue dirisha hata kukiwa na baridi.

Comrade wa Kagochi, blowa ikiiamsha simu, toa picha, namba na notisi zako usiku huo huo.