Hesabu Moja kwa Tovuti na Amri

Mamlaka ya maji inayohudumia watu wa Handeni na Korogwe, wilaya zilizounganishwa na bomba kuu la HTM (Handeni Trunk Main) linalovuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe, huhitaji mfumo wa kompyuta wenye sura mbili: tovuti, ambako karani huingiza usomaji wa dira na kuona deni la kila mteja, na skripti, yaani programu fupi zisizo na ukurasa wowote, ambazo huendeshwa kwa amri inayoandikwa kwenye seva, au huamshwa na saa ya seva usiku, ili zitoe ankara za mwezi na kuwakumbusha wadaiwa kwa ujumbe wa simu. Sura zote mbili hutegemea hesabu ileile ya bei ya uniti, na hapo ndipo kosa kubwa hufanyika, kwa kuwa waandishi wengi wa programu huinakili hesabu hiyo katika kila skripti. EWURA, mdhibiti wa bei za maji Tanzania, ikiidhinisha bei mpya, nakala moja husahauliwa, na mteja wa Chanika, Handeni, huoneshwa deni moja kwenye tovuti na kutumiwa jingine kwenye simu. Haki yake ya kutozwa sawasawa huwa imevunjwa na uzembe wa mtu asiyemjua.

Fremuweki za lugha ya programu ya PHP, yaani viunzi vya msimbo ambavyo juu yake mifumo hujengwa, zimelishughulikia tatizo hili kwa njia mbalimbali. Kwa mfano, CakePHP, iliyoanza mwaka 2005, iliziita skripti hizo sheli, na kazi iliyohitajiwa na sheli kadhaa ikawekwa katika klasi (fungu la msimbo) ya pekee iitwayo taski, ambayo sheli iliitaja kwa jina na fremuweki ikaipakia yenyewe. Utaratibu huo ulipunguza kunakili baina ya amri, lakini taski haikutumika kwa urahisi upande wa tovuti; toleo la 5 la mwaka 2023 halina tena sheli wala taski.

Lililo bora ni kuiweka hesabu katika klasi ya kawaida, isiyojua imeitwa na nani, nayo ipewe idadi ya uniti, kundi la mteja na tarehe. Sharti hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwani skripti haina kivinjari wala karani aliyeingia kwa nywila, na hesabu inayolitafuta jina la karani hufaulu mchana ikaanguka usiku. Muda nao hutofautiana: kwa mipangilio yake ya awali, PHP huukatiza ukurasa baada ya sekunde 30, ilhali amri haiwekewi kikomo; ndiyo maana ankara za wateja wote hutolewa kwa amri, na karani anapohitaji ankara ya mteja mmoja, tovuti huita klasi ileile.