Je, wilaya imejitayarisha kwa mvua kubwa? Namna ya kupima

Ndugu wakaaji wa kambi,

Kila msimu wa mvua mnaona maji yakishuka mlimani na kuchimba makorongo. Hali ya hewa inabadilika, na serikali ya wilaya ina wajibu wa kujitayarisha. Lakini tutajuaje kama imejitayarisha vizuri?

Si rahisi kupima. Gesi zinazochafua hewa hupimwa kwa tani, kipimo kimoja dunia nzima. Kujikinga hakuna kipimo kama hicho. Hapa Rusizi, penye miteremko mikali, tunaogopa udongo kuporomoka. Bugesera wanaogopa ukame.

Rwanda ina njia yake, nayo inaitwa imihigo. Ni neno la Kinyarwanda: ahadi ambayo mtu anaitoa mbele ya watu, akijua kwamba ataona haya asipoitimiza. Tangu 2006, mwaka ambao Mkoa wa Cyangugu uliondolewa na Rusizi ikawa wilaya ya Mkoa wa Magharibi, mameya wanatia sahihi imihigo mbele ya Rais wa Jamhuri. Baadaye kazi yao inakaguliwa na kupewa alama. Ndani ya ahadi hizo huwamo hekta za matuta na miti ya kupandwa.

Uzuri wake ni kwamba meya hawezi kusema hakuahidi. Ubaya wake ni kwamba kinachohesabika kwa urahisi ndicho kinachoandikwa. Miti elfu kumi iliyopandwa inapendeza katika ripoti; lakini baada ya kiangazi, ni mingapi ingali hai?

Kumbukeni usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023. Mto Sebeya ulifurika Rubavu, na milima iliporomoka Rutsiro, Karongi na kwingineko. Watu zaidi ya 130 walikufa. Katika bonde la Sebeya kazi ya matuta na miti ilikuwa imeanza miaka kadhaa kabla. Kazi hiyo haikuwa bure, lakini idadi ya hekta haikusema ni nyumba ngapi zilibaki kwenye njia ya maji, wala ni nani angeamshwa usiku ule.

Kwa hiyo mpimaji mzuri anauliza pia: Onyo lilifika kabla ya mvua? Lilifika kwa lugha gani? Mama aliyetoka Kivu juzi hataelewa tangazo la redio kwa Kinyarwanda tu.

Tena kuna jambo linalowahusu ninyi hasa. Imihigo ni ya meya. Kambi inasimamiwa na wizara ya MINEMA pamoja na HCR. Korongo linaloanzia kambini na kuishia katika shamba la mwenyeji linaweza kukosa mtu wa kuliandika, kila upande ukidhani ni kazi ya mwingine. Na wenyeji wa chini wakipoteza mihogo yao, lawama inawarudia ninyi.

Mkiona korongo jipya, msingoje mkaguzi. Simikeni kijiti kwenye ukingo wake, mhesabu hatua mpaka nyumba ya karibu, mwandike tarehe. Mvua ikipita, hesabuni tena, lakini msikaribie ukingo wakati udongo ungali umelowa. Hesabu hizo mpeni kiongozi wa mtaa wenu azipeleke kwenye ofisi ya kambi, na nakala kwa mkuu wa umudugudu jirani.