Wahafidhina wa Uingereza Wanahifadhi Nini?

Neno mhafidhina limetokana na kuhifadhi. Yafaa basi tuwaulize Wahafidhina wa Uingereza: katika jambo hili la makaa, gesi na umeme, ni kitu gani hasa wanachokihifadhi? Oktoba 1988, mbele ya wajumbe wa chama chake mjini Brighton, Bibi Margaret Thatcher alisema kwamba hakuna kizazi chenye hati ya kuimiliki dunia. Kila kizazi ni mpangaji tu, tena mpangaji aliyefungwa na sharti la kuitengeneza nyumba. Oktoba 2025 kiongozi wa chama kile kile, Bibi Kemi Badenoch, alitangaza kwamba wakirudi madarakani wataifuta Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2008.

Sheria hiyo ililetwa na serikali ya Labour, walakini Wahafidhina bungeni, isipokuwa wachache mno, waliiafiki. Na aliyeikaza mwaka 2019 ni waziri mkuu wao wenyewe, Bibi Theresa May, hata ikadai kwamba ifikapo 2050 nchi isitoe hewani gesi za kuipasha dunia joto kupita zile inazoziondoa.

Hoja ya Bibi Badenoch isidharauliwe. Umeme wa viwandani nchini mwake ni miongoni mwa ulio ghali kabisa katika nchi tajiri, na umeme ukiwa ghali, wa kwanza kuachishwa kazi si mkurugenzi. Kweli pia kwamba gharama za kuendeleza mitambo ya upepo na jua zimo ndani ya hati za malipo za wananchi. Lakini mara nyingi sana bei ya umeme wa Uingereza hufuata bei ya gesi, na tangu 2004 nchi hiyo hununua nje gesi nyingi kuliko inayouza. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, bei ilipaa. Ndipo serikali ya Bibi Liz Truss, iliyohubiri soko huria asubuhi na jioni, ikalazimika kuliingilia soko hilo, ili malipo ya nyumba ya kawaida yasipite kiasi cha pauni 2,500 kwa mwaka. Kufuta sheria hakuishushi bei ya gesi inayopangwa na walimwengu.

Walakini, ndugu wafanyakazi, katika ugomvi huu wa ndani ya chama kimoja kuna mtu ambaye pande zote mbili humtaja upesi na kumpita. Machi 1984 ilipotangazwa kwamba migodi 20 ya makaa ya mawe itafungwa, na kazi kama 20,000 kupotea, wachimbaji waligoma karibu mwaka mzima. Walishindwa. Wakati ule hapakuwa na habari ya tabianchi. Sababu iliyotolewa ilikuwa hasara. Desemba 2015 ukafungwa Kellingley, mgodi wa mwisho wa chini sana ardhini. Vijiji vilivyojengwa kwa ajili ya mgodi vilibaki bila mgodi, na soko halikuleta kitu cha kulingana nao.

Tarehe 30 Septemba 2024 mambo mawili yalitukia siku moja. Huko Nottinghamshire ulizimwa mtambo wa Ratcliffe-on-Soar, wa mwisho kuchoma makaa kwa ajili ya umeme katika nchi iliyoanza kazi hiyo London mwaka 1882. Na huko Port Talbot, Wales, lilizimwa tanuri kubwa la mwisho la kuyeyushia chuma. Mwaka mmoja nyuma serikali ya Wahafidhina ilikuwa imekubali kumpa mwenye kiwanda hadi pauni milioni 500 za kujengea tanuri la umeme, ambalo huhitaji mikono michache zaidi. Ujenzi wake ulianza Julai 2025, miezi zaidi ya tisa baada ya lile la zamani kupoa, na wengi wa watu kama 2,000 waliopoteza kazi walikuwa wamekwisha kupita langoni kwa mara ya mwisho.