Jumuiya Ndogo Ndogo na Kura ya Mtaa: Tusiachane Njiani

Tarehe 27 Novemba 2024 Watanzania waliwachagua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa. Kabla ya hapo, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kila raia mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea alipaswa kujiandikisha katika mtaa anaoishi.

Hapa ndipo wengi wetu tunaoishi pembezoni mwa Jiji, kuanzia Mbagala na Chamazi wilayani Temeke hadi Bunju na Mabwepande wilayani Kinondoni, hujikwaa. Tunayo kadi ya mpiga kura, nasi hudhani inatosha. Haitoshi. Kadi hiyo inatokana na Daftari la Kudumu, linalotumika kuwachagua Rais, Wabunge na Madiwani. Uchaguzi wa mtaa una orodha yake, iliyosimamiwa mwaka 2024 na Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Aliyehama Tandale akajenga Chamazi hana budi kujiandikisha Chamazi.

Gari la matangazo hupita mara moja likatokomea, jirani hubaki. Ndiyo maana vikundi vya kijamii vina nguvu katika jambo hili: vikoba, vikundi vya vijana, hata semina za kila Jumatano za TGNP Mtandao pale Mabibo. Kwetu Wakatoliki, kikundi cha kwanza ni Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, ambayo Maaskofu wa AMECEA waliipa kipaumbele katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976. Jumuiya hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Inamjua kijana aliyetimiza miaka 18, mjane aliyehamia karibuni, na mama asiye na wa kumwachia watoto.

Lakini taarifa pekee haitoshi. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2010 walijitokeza takribani asilimia 43 ya walioandikishwa. Mwaka 2015 asilimia 67. Mwaka 2020 asilimia 51 hivi. Na katika uchaguzi wa mitaa wa mwaka 2019, baada ya vyama kadhaa vya upinzani kujitoa, wagombea wengi walipita bila kupingwa. Anayeuliza, “Kura yangu ina faida gani?” asikemewe; asikilizwe. Kisha akumbushwe kwamba mwenyekiti wa mtaa ndiye anayeitisha mkutano ambamo ulinzi, taka na mitaro hujadiliwa, na ndiye tunayemwendea tukihitaji barua ya utambulisho.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inauhesabu wajibu wa kupiga kura pamoja na ule wa kulipa kodi na kulitetea taifa. Haitaji chama wala mgombea. Vivyo hivyo, Jumuiya ikipokea fedha au kanga za mgombea, itakuwa imeuza imani ya majirani, nao hawataisikiliza tena.

Basi, kila uandikishaji wa uchaguzi wa mtaa unapofika, katika kikao cha wiki, baada ya sala, tuulizane: nani hajajiandikisha? Nani hakijui kituo chake? Nani anahitaji kusindikizwa? Tukishajiandikisha, twende pia kukagua orodha itakapobandikwa, tuone kama majina yetu yamo. Chaguo la kila mmoja libaki siri ya dhamiri yake. Njia ya kwenda kituoni tuitembee pamoja.

Tumsifu Yesu Kristo.