Mondlane (3): Udaktari Uliopelekwa Vitani

Juni 25, 2025 Msumbiji ilitimiza miaka 50 ya uhuru, na jina la Mondlane likavuma tena. Wengi waliolitaja walikuwa na Venâncio akilini, yule mpinzani aliyetikisa Maputo baada ya uchaguzi wa Oktoba 2024. Mfululizo huu ni wa Eduardo Chivambo Mondlane, ambaye nimekuwa nikimsoma tangu ujana wangu na sijamchoka.

Tuliishia mwaka 1949, makaburu walipomfukuza Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Lisbon nako hakudumu, kwani polisi wa Salazar hawakumpa nafasi ya kupumua. Mwaka 1951 akaingia Chuo cha Oberlin, Ohio, akiwa na miaka 31, na miaka miwili baadaye akahitimu. Kisha akaenda Northwestern, alikofundisha Melville Herskovits, mwasisi wa masomo ya Afrika katika vyuo vya Marekani. Udaktari akaupata mwaka 1960.

Msomaji aniwie radhi, hapa nitasimama kidogo. Huyu ni mtoto wa chifu wa Manjacaze aliyechunga mifugo hadi alipokaribia miaka 12. Alitoka katika koloni ambalo mwaka 1950, kati ya Waafrika zaidi ya milioni 5, waliokubaliwa na Mreno kuwa “wastaarabu” hawakufika 5,000. Udaktari aliupata akiwa na miaka 40. Leo tunaona watu wakivishwa majoho katika kumbi za hoteli, na wiki haiishi kabla hawajataka kuitwa Dokta hata kwenye matanga. Usomi wao umewatuma wapi? Wa Mondlane ulimtuma Kurasini, Dar es Salaam.

Tangu mwaka 1957 alikuwa Umoja wa Mataifa, New York, katika idara ya nchi za udhamini, na huko ndiko alikofahamiana na Nyerere, aliyekuwa akienda kuitetea Tanganyika. Mwaka 1961 akaacha kazi hiyo, kwa kuwa mtumishi wa Umoja wa Mataifa haruhusiwi kufanya siasa, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Mwaka uliofuata vyama vya UDENAMO, MANU na UNAMI viliungana Dar es Salaam na kuzaa FRELIMO, Juni 25. Tarehe hiyo ndiyo iliyotumika miaka 13 baadaye kutangaza uhuru. Mondlane alichaguliwa rais wa FRELIMO, na mwaka 1963 akahamia Dar moja kwa moja. Wapo waliomnong'ona kuwa ni mtu wa Wamarekani, tena mkewe Janet ni mzungu wa huko. Maneno hayo hayakumwacha hadi kufa kwake.

Jambo la kwanza walilolishughulikia yeye na Janet lilikuwa shule. Taasisi ya Msumbiji, pale Kurasini, ilianza kwa fedha za Ford Foundation. Ureno ikapiga kelele, fedha hizo zikakoma, na baadaye Waswidi wakatia mkono. Septemba 25, 1964 risasi za kwanza za vita vya uhuru zililia Chai, Cabo Delgado, na shule ikaendelea. Katika maeneo yaliyokombolewa watoto walisomea chini ya miti. Kwa Mondlane shule ilikuwa sehemu ya vita yenyewe, na sijaona kiongozi mwingine wa ukombozi aliyelishikilia hilo kwa ukaidi kama wake.

Ndiyo maana kilichotokea mwaka 1968 kilimchoma. Chama kilitaka wanafunzi wakatishe masomo kwa muda, waende ndani ya nchi kufundisha na kupigana. Wengi wakagoma. Waliokuwa Ulaya na Marekani kwa ufadhili wakajenga hoja kwamba wasomi ni wachache mno, wahifadhiwe kwa ajili ya kesho ya taifa. Kurasini walinung'unikia pia walimu wazungu, na Padri Mateus Gwenjere akawa upande wao. Machi fujo zikazuka, shule ikafungwa. Mei ofisi ya chama mjini Dar ilivamiwa, na Mateus Muthemba akauawa.

Hoja ya vijana hao haikuwa ya kipuuzi. Nchi isiyo na madaktari wala wahandisi huogopa kumpoteza hata mmoja msituni. Lakini mimi nasimama na Mondlane. Mtoto wa mkulima wa Mueda hakuulizwa kama damu yake ni adimu. Msomi anayehifadhiwa wakati wengine wanakufa atatoka mafichoni akidai kiti, na atakikalia kama haki yake ya kuzaliwa. Tumewaona wa namna hiyo, si Msumbiji peke yake.

Nafasi inaniishia na nilikusudia kueleza ya Cabo Delgado ya leo. Niseme machache. Tangu Oktoba 2017, uasi ulipoanza Mocímboa da Praia, mkoa ule ule ulioanzisha vita vya uhuru umekuwa ukihamwa. Chai yenyewe imeshambuliwa, na wapo waliovuka Ruvuma kuja kwetu, kama babu zao. Majeshi yamepelekwa, ya Rwanda yakiwemo. Gesi ya baharini imevuta wawekezaji, lakini kijana wa Macomia asiye na shule wala kazi hajaionja. Swali la Kurasini, kwamba elimu na mali vimfae nani, bado halijajibiwa huko.

Wiki ijayo tutaingia Oyster Bay, Februari 3, 1969, tuone kifurushi kilichomuua, na kwa nini makamu wake, Uria Simango, hakumrithi.